Hatudaiwi Tena na Mama Chirambo

Zomba, 4 Julai

Kwako dada yangu Dorika,

Pokea salamu za nyumba hii nzima, kuanzia kwa shemeji yako Kenani hadi kuku wa uani. Mguu wako umepoa? Huku baridi inauma, lakini ugali wetu wa nsima na dagaa wa usipa tunakula na kushiba, Mungu asifiwe. Najua unahesabu siku. Zimebaki wiki tatu tu tusimame makaburini kuzindua jiwe la mama, na nasikia umeshaalika ukoo mzima, hata wale wa Mangochi.

Sasa keti nikupe habari. Dada, hatudaiwi tena na Mama Chirambo! Hatudaiwi hata sarafu moja ya tambala! Naandika huku nacheka peke yangu.

Si unamjua anavyokopesha katapila yake: ukichukua mia, mwezi ukiisha unarudisha mia na hamsini. Tulimkopa tukanunua mbolea, mvua ikaja ikabeba mahindi na mbolea yenyewe, deni likabaki linanenepa. Nikimwona sokoni nageuza njia. Na kanisani tunakaa benchi moja, sare moja, anaimba kwa sauti tamu mpaka unasahau kwamba kesho atakuja kukubana.

Mwezi wa tatu alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani. Alisema mbele ya majirani kwamba nawashonea watu magauni kwa pesa yake, na kama Mungu wangu ni tajiri kama ninavyomwomba kwa makelele, basi amlipe. Kenani akamwambia aichukue tu, Mungu hakuanza kutulisha kwa cherehani. Mimi nikamwomba yule mama anipe siku tatu. Siku ya tatu nikampelekea pesa yake yote, taslimu, mkononi.

Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda, nikasema Mungu ametufungulia mlango. We, vigelegele! Mama Chirambo ndiye aliyepiga kuliko wote, na kwa nini asipige. Kenani wangu alitokwa na machozi.

Tangu siku hizo cherehani haijapumzika. Umoja wa wanawake umenipa sare arobaini nishone. Kenani naye ameuza baiskeli, anakwenda shambani kwa miguu huku anapiga mluzi. Utaniuliza, kama deni limekwisha, baiskeli imeuzwa ya nini? Hapo ndipo penyewe, dada yangu.

Pesa niliyompa Mama Chirambo ilikuwa yako. Ile laki nne na nusu uliyonitumia ya jiwe la mama. Mungu hakufungua mlango wowote siku ile. Mimi ndiye niliyefungua kopo la unga nilimoificha.

Nilikaa na siri hiyo wiki mbili. Nikamwambia Kenani. Akaniuliza: kumbe yule Mungu uliyemshuhudia anaitwa Dorika? Nilitamani ardhi ipasuke. Akasema kuiba ni kosa, lakini kumsingizia Mungu wizi wangu ni kosa la pili, na hilo nililifanya kanisani, kwa hiyo nikalifute palepale. Jumapili nikasimama tena, nikasema yote. Hakuna aliyepiga kigelegele. Lakini dada, nilirudi nyumbani mwepesi, naimba njia nzima, watu wakadhani nimechanganyikiwa!

Sare zile na baiskeli vimetupa laki tatu na sitini. Imepungua elfu tisini, na fundi wa mawe hatoi jiwe mpaka alipwe yote. Juzi Mama Chirambo, hana haya yule, alinivuta pembeni akasema tisini hiyo anayo kwenye kanga, nikope tena, jiwe lisimame, wala Dorika hatajua kamwe. Nisikudanganye, mkono ulinyooka wenyewe. Nikaurudisha. Nikamwambia hiyo tisini tumemwachia Mungu, tutashona na kulima, akitupa kabla ya siku tutashukuru, asipotupa tutashukuru vilevile, na Dorika nitamwandikia mwenyewe. Akacheka akasema wewe utanimeza mzima mzima. Huenda kweli, na ni haki yako.

Kwa hiyo huenda ukafika na ukoo wote ukakuta udongo mtupu. Nisamehe, dada. Kanisa zima halikunitisha kama unavyonitisha wewe, na bado nina furaha, kwa sababu barua hii ikishaondoka sitakuwa na mtu wa kumkwepa tena duniani. Njoo. Ukija na hasira, njoo nayo. Utanikuta nimesimama pale kwa mama, bila jiwe la kujificha nyuma yake.

Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu wote. Kenani anakusalimu, anasema atakupokea stendi kwa miguu.

Mdogo wako anayekupenda na kukuogopa,
Fyness