Mtaa Niliomchagulia Tumpe

Jumamosi, mwezi wa nne. Tukuyu mvua tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni pa hiki kiduka cha intaneti ninapoandikia.

Kama kuna mtu alizaliwa ameshika bahati mkononi, ni mimi. Wenzangu nilioanza nao darasa la kwanza kule Masukulu, wengi wao hawajavuka Mbeya mjini. Mimi nimeishi Dar es Salaam miaka miwili mizima. Nitajie mtaa, nikutajie watu wake. Wa Sinza wanakula huku wanaangalia nani anawaangalia. Wa Mbagala wanakula haraka, maana kwao bado ni mbali. Wa Masaki hawali kabisa, wananunua maji ya chupa na kurudi ndani ya gari. Shule tuliachana kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini jiji lilinisomesha bure, na cheti chake ninacho kichwani.

Sokoni hawaniiti jina langu. Wananiita Bongo.

Nauza viatu vya mitumba huku Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu na si ile ya Pwani, na mtu wa Rungwe akitaka kuhamia Dar anapita kwangu kwanza, utadhani mimi ni ofisi ya serikali. Bongo, nipange wapi? Bongo, Tandika na Temeke wapi kuna amani? Najibu wote. Sijawahi kumtoza mtu hata soda. Wengine nimewaongezea na viatu, kwa sababu huwezi kumwacha binadamu aende Dar na raba iliyocheka mbele.

Leo sina hamu ya kujisifu. Nimeanza hivyo kwa mazoea tu.

Asubuhi, wakati natandika turubai juu ya viatu, simu ililia. Ujumbe wa Tumpe, mdogo wangu, tuliyefuatana naye ziwa moja. Nauandika hapa kama ulivyo:

"Shikamoo kaka. Maji yameingia usiku wa juzi. Nyumba imeanguka kuta mbili. Watoto wazima. Baba Lusajo amevunjika mguu. Tumehifadhiwa darasani ila Jumatatu shule inafunguliwa lazima tutoke. Wewe unaijua Dar. Tuambie tuhamie wapi."

Baba Lusajo ndiye mumewe, shemeji yangu Ambakisye.

Niliusoma mpaka taa ya simu ikazimika. Nikaiwasha, nikausoma tena. Nilikuwa natafuta neno la lawama. Ningelipata ningepumua. Halipo.

Ambakisye alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Kiwanda kilipopata wenyewe wapya, wenyewe wapya wakaja na orodha, na jina lake likawemo. Walisema amepunguzwa. Neno la ajabu hilo, kama vile mtu ni sukari kwenye chai. Akapewa kiinua mgongo chake, akaniambia, "Shemeji, hapa nikikaa nitakula hii hela kwa mdomo. Naenda Dar, ninunue kibanda, Mama Lusajo ashone, mimi nitafute viwanda."

Alitangulia peke yake kutafuta. Baada ya wiki tatu akanitumia bahasha kwa kondakta wa basi. Ndani mlikuwa na picha tatu.

Nilizipanga juu ya rundo la viatu. Ya kwanza ilikuwa ya Mbagala, nyumba juu ya nyumba. Ya pili ya Kimara, kilima kikavu chenye kibanda cha matofali na mchanga mwekundu, hakuna jani. Nyuma ya picha aliandika kwamba maji ya huko unanunua kwa mkokoteni, ila yeye moyo wake uko hapo. Ya tatu ilikuwa ya bondeni. Sitataja jina la mtaa, wanaokaa huko wanajijua. Udongo mweusi. Migomba nyuma ya nyumba, kijito kinapita, na magimbi, bwana, magimbi yenye majani ya kumfunika mtoto.

Nilipoona magimbi yale, mkono wenyewe ulikwenda.

Nikampigia. Nikamwambia, shemeji, wewe ni Mnyakyusa au ni Mgogo? Unaacha migomba unakwenda kukaa juu ya mchanga? Magimbi yakistawi na mtu atastawi. Akasema, "Ila hapa chini napaona pana maji maji, shemeji." Nikamcheka. Nikamwambia maneno ambayo leo yananikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimwambia: "Mimi nimeishi pale. Maji yanapita chini kabisa, hayapandi. Nimekula magimbi ya pale kwa mkono wangu."

Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye mwenyeji."

Akanunua bondeni.

Sikumdanganya kwa ubaya. Kwetu hapa mvua inanyesha karibu mwaka mzima, lakini ardhi imeinama. Maji yanakuja, yanakusalimia, yanaendelea na safari yake kwenda Ziwa Nyasa, yanakuachia mgomba umenenepa. Mtu wa Rungwe hajui maji yanayokaa. Kwetu udongo mweusi wenye unyevu ndio watu wanapelekana nao barazani, ndugu hawasalimiani miaka kumi kwa ajili ya kipande chake. Ningejuaje kwamba kuna mahali duniani wenyeji wanauacha udongo kama ule kwa maskini?

Hapana. Ngoja niandike vizuri.

Ningejua. Niliwahi kumsikia mzee mmoja wa Dar, anakula kuku, anawasimulia wenzake kwamba bondeni kule mwezi wa nne godoro linalala darini na mwenye godoro analala barabarani. Meza nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, nimesimama pale na sahani mkononi. Jina la mtaa alilitaja. Nilikuwa nalo kichwani siku ile nampigia shemeji simu. Niliona magimbi, nikaona sifa zangu, nikalisukuma pembeni.

Saa tatu hivi Gwakisa, jirani yangu wa sokoni anayeuza masufuria, alikuwa ameshasikia redioni habari za mvua ya Dar. Hakujua ya kwetu. Akapaza sauti kutoka upande wa pili:

"Wee Bongo! Hivi shemeji yako ameshajifunza kuogelea?"

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Mimi nikacheka kuliko wao. Ndivyo nilivyoumbwa, mtu akinipiga kofi la utani nampa na shavu la pili. Nikamjibu kwamba shemeji yangu sasa ni samaki, aje amnunulie sufuria. Halafu nikainama ndani ya rundo la viatu kama natafuta namba tisa. Nilikaa mle muda mrefu. Mteja aliyetaka namba tisa hakuwepo.

Gwakisa si mjinga. Alivuka njia na mwavuli wake, akasimama.

"Kuna nini?"

Nikampa simu asome. Aliposoma akavua kofia, akaikung'uta mvua, akairudisha. Akasema, "Na bado wanakuuliza wewe." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei.

Mama alifika sokoni saa nne na nusu kutoka Masukulu, ana mkungu wa ndizi kichwani. Tumpe alikuwa amempigia kupitia simu ya mchungaji. Mama yangu Kiswahili anakivaa kama kiatu cha kuazima, akikasirika anakivua. Leo alikivaa chote, nikajua mambo ni makubwa.

Aliuweka mkungu juu ya viatu vyangu vya kike, vile vizuri. Sikuthubutu kumwambia kitu.

"Gwe," akasema, wewe kwa Kinyakyusa, neno hilo moja tu likamponyoka, "pale mahali ulipaona?"

Nikaanza kumweleza kwamba mvua ya mwaka huu siyo ya kawaida, kwamba hata wazungu...

"Sikukuuliza mvua. Macho yako yalipaona?"

Watu walikuwa wanapita. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, anasubiri cha pili. Mama alikuwa ananitazama usoni kwa yale macho yake mawili, moja limeshaanza ukungu.

Nikamwambia, "Mama, nimekaa pale."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Alikubali. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba alikubali.

Akakaa juu ya kigoda changu. Akasema babu yangu alipohama kutoka kule juu hakuuliza udongo, aliuliza nitakaa na nani. Watu wa zamani walijenga na wenzao wa kucheka nao, wa kula nao, ukiugua wanajua. Shamba lilifuata baadaye. "Wewe umemtafutia mwenzako magimbi," akasema. "Haya, sasa magimbi yamembeba mguu?"

Mguu. Huo nao una habari yake. Tumpe alinieleza mchana nilipompigia, kwa sauti ya chini kwa sababu darasa lina familia nyingi. Walikuwa wameshatoka wote, wako barabarani na watoto. Ambakisye akarudi ndani kuchukua cherehani, ile aliyomnunulia Tumpe kwa kiinua mgongo. Akaifikisha mlangoni. Ukuta ukamwangukia, yeye na cherehani. Yeye walimtoa. Cherehani iko palepale, chini ya matope.

Nikamuuliza, shemeji anasema nini juu yangu?

"Anasema pole, kaka, anajua umeumia. Anasema ni bahati mbaya, mwaka huu mvua imezidi. Anasema Kimara ilikuwa akili yake, na akili yake haijui Dar, kwa hiyo safari hii asiulizwe yeye. Uulizwe wewe."

Nilitaka kusema. Nakuapia, wewe unayesoma, mdomo nilishaufungua. Nyuma yake nikasikia mtoto analilia uji, na mtu mwingine anasema darasa lile la mbele watu wameanza kufungasha. Nikasema nitakutumia jina jioni, ngoja nifikirie. Kama vile kuna kitu cha kufikiria.

Mama ameshaondoka, amewahi gari la Masukulu. Kabla hajaondoka alinikabidhi mkungu wake niupeleke kwa kondakta wa basi la kesho, uende kwa wajukuu. Sikumwambia kwamba darasani hawana jiko. Sasa mkungu uko hapa chini ya meza ya kompyuta, miguu yangu iko juu yake, na dada wa intaneti ananiangalia kwa sababu unachuruza maji sakafuni kwake.

Nimekaa hapa saa nzima. Nimefungua ramani ya Dar kwenye kompyuta, ikafunguka nusu, umeme ukacheza, ikajifunga. Nusu niliyoiona ilikuwa bahari.

Nimejiuliza nani mwingine nimempanga. Yule kijana wa Kyimo na mkewe mwenye mimba, niliwaambia wapi vile? Mwalimu mstaafu aliyetaka karibu na kanisa? Yule mama wa chai aliyenishukuru akanibusu mkono? Niliwatajia majina ya mitaa kama mtu anayegawa pipi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kunishukuru, na siku zote nimesema ni kwa sababu wamefanikiwa wakanisahau.

Nimeandika ujumbe wa kwanza kwenye simu: "Tumpe, kuna jambo sijawahi kukuambia." Nikaufuta.

Nimeandika wa pili: "Msinisikilize mimi, muulizeni mwenyeji yeyote hapo." Huu nao nikaufuta, kwa sababu angeuliza kwa nini, na huyo mwenyeji wao hata wangempata, Jumatatu ni keshokutwa, na shemeji hawezi kutembea kutafuta.

Mwisho nimeandika neno moja. "Kimara."

Nimelichagua kwa sababu Ambakisye alilipenda tangu mwanzo. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Hata kama kile kibanda cha kwenye picha kingekuwa bado kinauzwa, hela ya kukinunua iko bondeni chini ya matope. Watapanga chumba, kama watapata. Maji watanunua kwa mkokoteni, na atakayekwenda kuyapokea ni Tumpe, mtoto mgongoni. Kazi ya kiwandani hakuna anayempa mtu mwenye mguu uliofungwa mbao. Kushona hakuna. Nimelitazama lile neno kila upande na sioni mlango wowote ndani yake.

Nimelituma.

Amejibu hapo hapo, sijui alikuwa ameishika simu mkononi muda wote huu. "Ndaga fijo kaka. Mungu akubariki. Nimemwambia Baba Lusajo amefurahi. Na hapo Kimara nako ulikaa?"

Simu iko kando ya kibodi. Dada wa intaneti anafunga madirisha, ananiambia nimalizie. Nje ukungu umekula barabara yote, soko silioni. Tumpe anasubiri, na mimi namjibu hapa, mahali ambapo hatasoma.

Sikukaa Kimara. Bondeni sikukaa. Dar es Salaam sijaishi hata siku moja. Miaka yangu miwili nilikuwa Chalinze, kwenye hoteli ya kando ya barabara ambapo mabasi ya Dar yanasimama watu wale, naosha sahani zao.