Redio Ilikuwa Inamsifu Nani?

Mjukuu wangu Athieno,

Nakusalimu kutoka Mukuju. Nyanya yako amemaliza kuvuna karanga, na mimi magoti yananilaza mapema. Uliniuliza kwenye simu kama tableti zilizoletwa shuleni kwenu zitakuja kufundisha badala yako. Swali hilo limenichosha, mama. Kila kifaa kipya huja nalo.

Nilipokuwa mwalimu kijana kule Molo, tuliletewa redio yenye kipindi cha hesabu. Mtangazaji anauliza, ananyamaza kidogo darasa lijibu, kisha anasema, "Vizuri sana, watoto!" Siku moja akauliza saba mara nane ni ngapi. Wengine wakapiga kelele hamsini, wengine sitini. "Vizuri sana!" ikasema redio, nao wakajipigia makofi.

Awor, msichana wa dawati la mbele, hakupiga.

"Mwalimu, huyu anatusikia?"

"Hapana, hawezi kutusikia."

"Sasa anamsifu nani?"

Nikaizima. Tukahesabu kwa vijiwe mpaka kengele ikalia.

Zitumie hizo tableti, mimi siziogopi. Ila zikishasifu, mwangalie mtoto usoni kwanza. Basi, nimechoka kufundisha, hata kwa barua.

Awor sasa ni nyanya, anauza karanga za kusaga sokoni. Juzi nilimwambia karanga zake ni tamu kuliko za wote. Hakucheka.

"Mwalimu," akaniuliza, "umezionja?"

Ni mimi babu yako, ninayekukumbuka.