Gari Lako Limefika Runyenjes

Muthara, Jumapili

Kwako Gichovi,

Natumai baridi ya Kanada haijakuzidi. Huku mvua imenyesha vizuri na ng'ombe wetu amezaa.

Jana nilipeleka gari lako la mashindano, lile uliloniachia, kwenu Runyenjes. Nililipandisha kwenye trela nikalivuta kwa Prado ya kaka yangu Riungu. Mama alikataa niende kwa mama yako mikono mitupu, akajaza mikungu ya ndizi kwenye buti ya gari lako. Basi uzito ukakaa nyuma, na kwenye mteremko trela ikaanza kuyumba na kuivuta Prado huku na huku. Nilipunguza mwendo taratibu, nikasimama, nikahamishia ndizi kwenye Prado. Ikatulia.

Nilikuwa nimeenda kumwambia mama yako kwamba miaka sita ya kukungoja imetosha, na kwamba Desemba naolewa na mwalimu wa hapa. Lakini alipoziona ndizi alijua mkamwana amekuja. Akapiga vigelegele, akaita majirani. Mimi nikanywa chai, nikaosha vikombe, nikarudi.

Funguo za gari anazo yeye. Hilo lingine mwambie wewe, kabla ndizi hazijaiva.

Karambu