Saa ya Kadibodi

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima ya ukubwa wako na kwa mazoea yetu ya kutaniana. Pokea yote mawili. Natumaini magoti yako yamepunguza kelele tangu uliporudi kwako, na kwamba yule paka wako mwizi bado hajakuhamisha nyumba. Ningekupigia simu, lakini wewe na simu hamsikilizani, na haya ninayotaka kukuambia si ya kupigiwa kelele majirani wakasikia. Mimi ni mzima, kwa maana ya kwamba nasimama. Kaka yako si mzima, na hilo ndilo lililonikalisha mezani leo.

Katika barua yako uliuliza mambo mawili: kama kidonda chake kimeanza kufunga, na kama ile saa yako ya kadibodi bado inanisaidia. Nitakujibu yote mawili, lakini kwa utaratibu wangu, maana wanijua sipendi mtu anayerukia ukurasa wa mwisho.

Kwanza hali ya nyumba. Pampu ya maji haijatengenezwa. Mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani; nadhani fundi huyo anakuja kwa kutambaa. Kwa hiyo maji nayachota kwenye tangi la uani na kuyapandisha hadi ghorofa ya tatu, ndoo moja moja, na shuka za mgonjwa hazina subira. Kiharusi kilimnyang'anya kaka yako upande wa kulia pamoja na maneno, lakini uzito wake kilimwachia wote. Kumgeuza ni kupiga magoti kitandani, kupitisha mikono chini ya mabega yake na kuvuta, kisha kuzunguka upande wa pili na kusukuma nyonga, kisha mto mmoja katikati ya magoti na mwingine mgongoni. Ndivyo alivyoagiza muuguzi: kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Aliniambia waziwazi kwamba kidonda cha nyongani kikipumzishwa kitafunga. Kisipopumzishwa kitashuka hadi mfupani, na kikifika huko mtu wa umri wake harudi tena.

Unakumbuka ulivyonicheka ulipokuwa hapa. Uliniona nikimgeuza, nikatoka, nikarudi na kumgeuza tena kabla hata mito haijapoa, na jioni ileile nikasahau kabisa. Ulisema namfanyia kaka yako kama nguo inayotafuta jua. Ndipo ulipokata kifuniko cha boksi, ukachora uso wa saa, ukaitundika kwenye msumari karibu na mto wake, upande wa mkono wake mzima. Ulisema fundi saa akikosa saa ya kutazama ataugua mara ya pili. Ukabana kibanio cha nguo ukingoni na kunifundisha kama mtoto: nikimgeuza, nisogeze kibanio hadi saa hiyo, nikisahau, nitazame kibanio. Ukaongeza kwamba mtu aliyeishi kwa kuamini kilichoandikwa hawezi kushindwa kuiamini kadibodi. Nilinuna, lakini ulikuwa umenipatia.

Sasa nikueleze jambo ambalo miaka yangu yote sikulijua. Nilidhani uchovu hukaa miguuni na mgongoni, na kwamba kichwa, kwa kuwa hakibebi ndoo, hubaki na nguvu zake. Sivyo hata kidogo. Ndoo uliyoipandisha asubuhi, jioni unaikuta kichwani, imejaa vilevile. Siku moja nilisimama katikati ya ngazi nikiwa nimeshika ndoo, nisijue kama napanda au nashuka. Niliitazama ndoo inijibu. Ilikuwa na maji nusu, kwa hiyo haikunisaidia.

Kazi yangu ya kusahihisha prufu nyumbani, zile kurasa za majaribio, nayo imekwisha. Yule msimamizi wa kiwanda cha uchapaji, Bwana Haraka kama tulivyomwita, alikuwa akiniletea vitabu vya shule hata baada ya mimi kustaafu, akisema hakuna jicho jingine analoliamini. Safari hii kitabu kilitoka kikiwa na ukurasa mmoja uliochapwa mara mbili, mmoja nyuma ya mwenzake. Nilikuwa nimeusoma mara zote mbili. Ule wa kwanza niliukosoa mahali fulani, ule wa pili nikaukosoa mahali pengine, na hapana popote kichwani mwangu paliponiambia kwamba haya nimekwisha kuyaona. Bwana Haraka hakunigombeza. Alikunywa chai yake polepole, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa dalili mbaya, kisha akasema siku hizi kazi zimepungua. Nilimshukuru. Ningekuwa mimi ningemfukuza mtu huyo kwa maneno makali zaidi.

Nikaamini kwamba uzee umenifika akilini. Nilikwenda kwa daktari nikiwa nimejiandaa kuambiwa. Alinipima, akaniuliza maswali ya kitoto, akasema kichwa changu hakina ugonjwa wowote. Ni mwili uliochoka mno, na mwili ukifika hapo hukopa kwa akili bila kuomba ruhusa. Akasema hana dawa ya kuniandikia isipokuwa usingizi. Nilimwuliza unauzwa duka gani. Alicheka, mimi sikucheka.

Katika hali hiyo, wifi, saa yako ya kadibodi ndiyo ilikuwa akili yangu. Nilikuwa nikijilaza kwenye godoro la chini kando ya kitanda, nashtuka, nainua macho: kibanio kinasema nimemgeuza muda si mrefu uliopita. Silikumbuki tendo lenyewe, lakini tangu lini nakumbuka chochote? Namshukuru Mungu, nalala tena. Muuguzi akija kila wiki kukisafisha kidonda anakunja uso. Aliniuliza kama kweli namgeuza. Nilimwonyesha kadibodi kwa ukali, kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba. Akanijibu kwamba kati ya kadibodi ile na kidonda kile kimoja kinasema uongo, na katika kazi yake hajawahi kukutana na kidonda kinachodanganya. Nilimwona hana adabu. Nikafika mahali pa kuamini kwamba namgeuza nikiwa usingizini, na moyoni nikajisifu.

Kaka yako alikuwa akitusikiliza. Wajua kwamba katika maneno yote lilimbakia moja tu, "bado", lilelile ambalo wateja wake walichoka kulisikia kila walipofuata saa zao. Ukimwuliza kama ana njaa, bado. Ukimwuliza kama anaumwa, bado. Siku ile muuguzi alimwuliza kama mkewe humgeuza. Akasema bado, na sote wawili tukacheka kwa kuwa ndilo neno lake.

Sasa nafika kwenye jibu lako.

Wiki iliyopita, mchana wa jua kali, nilikuwa nimejilaza kwenye lile godoro. Niliamka nusu, macho yakiwa wazi kiasi cha uzi. Niliuona mkono wake wa kushoto ukitoka chini ya shuka na kupanda taratibu hadi kwenye kadibodi. Vidole viwili vikakibana kibanio, vikakifungua, vikakisogeza mbele bila mlio wowote, kama alivyokuwa akiinua gurudumu la saa ya mkononi chini ya ile lenzi yake. Kisha akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha kwamba mtoto amelala, halafu akafumba macho na kutulia juu ya kidonda chake.

Mtu ambaye hakuwahi kumrudishia mteja saa iliyokosea hata dakika moja alikuwa akiidanganya saa ili mimi nilale.

Kichwa changu, kilicholala miezi mingi, kiliamka wakati huo na kuelewa yote sawasawa: kile kidonda, na ile "bado" tuliyoicheka. Sikuhitaji kufikiri. Na baada ya kuelewa, nilifumba macho. Nilijiambia ni kidogo tu. Nilipoamka, watoto wa shule walikuwa wamekwisha kufika makwao na taa za barabarani zilikuwa zinawaka, naye alikuwa juu ya ubavu uleule.

Ingeishia hapo ningesema mwili ulinishinda, nawe ungenihurumia. Haikuishia hapo. Kesho yake nilikuwa nikipiga deki chumbani, nimelala vizuri, kichwa kikiwa wazi kama zamani, nikautazama ule msumari. Kuuhamishia mbali na mkono wake ilikuwa kazi ya nyundo na dakika chache. Niliuacha. Siku iliyofuata niliuacha tena. Nilijilaza, nikangoja, nikausikia mkono ukipita juu ya shuka, nikalala. Tulikuwa tukidanganyana kimyakimya, yeye akidhani sijui, mimi nikijua. Yeye alikuwa akinihurumia mimi, na mimi pia nilikuwa nikijihurumia mimi. Yeye peke yake hakuwa na wa kumhurumia.

Juzi muuguzi alifungua kidonda. Alinisogeza nitazame. Wifi, mfupa unaonekana. Homa imepanda tangu jana. Daktari alikuja na kusema kumpeleka hospitali sasa ni kumhamisha tu kutoka kitanda hadi kitanda, na kwamba ni afadhali abaki panapojulikana. Muuguzi ananiona kama mke aliyechoka akakosea, ananishika bega, ananiambia nisijilaumu. Sijamwambia. Nakwambia wewe, kwa sababu alikuwa ndugu yako kabla hajawa mume wangu, na kwa sababu kadibodi ile uliikata kwa mkono wako ukidhani unatusaidia. Sikuombi uniambie neno la kunituliza. Ningelisoma na kuliona si sahihi.

Leo asubuhi niliitungua kadibodi mbele ya macho yake. Nilimwambia kwamba nilimwona, na kwamba niliendelea kulala. Aliisikia kila silabi. Aligeuza uso ukutani; ndicho kitu pekee anachoweza kukigeuza mwenyewe. Sijui kama alinikasirikia au alikuwa akinipa nafasi ya kulia.

Ukipata barua hii, anza safari, magoti yakikubali au yasipokubali. Usije kunisaidia, hakuna tena cha kusaidia. Njoo umwone akiwa bado anakutambua. Nisalimie majirani zako, na paka mwachie yule jirani asiyempenda, watanyooshana. Nimeisoma barua hii mara mbili kutafuta makosa, au nadhani ni mara mbili. Utakayoyakuta, yavumilie.

Naiweka kalamu chini, maana muda umefika. Nimemwuliza sasa hivi kama nimgeuze. Amesema bado.

Ni mimi wifi yako,
Mke wa kaka yako