Princesse Amesema Hajaelewa

Mama Ocira, uko? Nimemharibia Apio kazi.

Unajua mjukuu wangu anasimamia watu kwa kompyuta, hapa mezani kwangu Naguru. Leo ameenda chooni, ameacha mkutano wazi kwenye skrini, nyuso zimejaa. Mimi nikakaa kwenye kiti chake. Wageni watakaaje nyumbani kwangu bila kusalimiwa?

Nikamwona yule mpya, Princesse, Mkongomani. Kila siku Apio akimfundisha kwa Kiingereza anajibu, "Ndiyo madamu, nimeelewa." Nikamchokoza kwa Kiswahili: "Binti, umeelewa kweli, au unatudanganya?"

Akalia! "Hapana mama. Tangu nianze sijaelewa kitu. Naogopa kuuliza, wote wananitazama."

Eti wote wanamtazama! Na kweli walikuwa wanatazama. Hata bosi mkubwa, ambaye nilidhani ni picha tu maana hasogei.

Picha ikasema: "Apio yuko wapi?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Kesho wameitwa ofisini, yeye na Princesse.

Apio amenipa mgongo. Chai niliyompelekea imepoa.

Sasa hivi simu yake imelia, hataki kuishika. Nimeshika mimi. Ni Princesse, amenitambua kwa sauti: "Mama, kesho niseme nini?"

Nikamjibu, "Binti, hata mimi sijui."

Akacheka, alidhani natania.