Sakafu Iliyofunikwa Nyasi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimeungua na jua hadi ukiniona utauliza huyu mtoto wa nani. Baba kifua kimetulia? Na Bibi, bado anagombana na kuku wanaoparua kahawa yake iliyoanikwa?

Kwanza kabisa, mwisho wa mwezi usiende Tunduma kunipokea. Najua ule ujumbe niliokutumia kwa simu ya Faraja, rafiki yangu wa kule Mpemba, karibu na Tunduma, kwamba narudi na chuo naacha, umekunyima raha. Nisamehe, Mama. Sirudi, na chuo siachi.

Unajua tulikuja huku Zambia wanafunzi kumi wa ujenzi, kujitolea kuwajengea watoto darasa. Kutoka Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, tulipanda basi siku nzima, kisha lori hadi huku bondeni. Joto lake, Mama, kuku wanatembea midomo wazi! Watoto wa darasa la kwanza wanasomea kanisani kwa zamu. Chumba kisipokamilika kabla ya muhula mpya, wadogo watakaa nyumbani mwaka mzima.

Mimi nilipewa sakafu. Fundi mkuu ni Ba Mulenga, mzee aliyewahi kufanya biashara Tunduma, ndiyo maana anakijua Kiswahili. Aliniambia, "Mayo, hili zege linataka maji. Asubuhi, mchana, jioni." Mayo ni mama, ndivyo wanavyomheshimu kila mwanamke huku, kama wanavyomwita mzee Ba. Nami kwa kujiona msomi nikamjibu, "Kwetu Mbozi tunamwaga zege tunakwenda zetu kanisani, ukungu unalitunza." Likiwa bado bichi nikaandika jina langu mlangoni, TUSAJIGWE, herufi kubwa kabisa. Jumapili tukashinda ibadani. Jumatatu nikakuta sakafu imepasuka kama kisigino kisichojua mafuta, na ufa mmoja umepita katikati ya jina langu.

Nililia. Mwalimu wetu wa chuo tuliyekuja naye akasema saruji iliyobaki inatosha sakafu moja tu. Hapo ndipo nilipochukua simu ya Faraja nikapanda kilimani kutafuta mtandao.

Niliposhuka, Ba Mulenga akanikabidhi nyundo. "Bomoa wewe. Halafu utamwaga wewe."

"Nimeshindwa, Ba Mulenga."

"Nani amekuuliza?"

Faraja akaangua kicheko, nami nikacheka na machozi yangu hivyo hivyo.

Tulibomoa siku tatu. Nikiwa napiga nyundo nikakumbuka kitalu chako cha kahawa. Unakumbuka ulivyonichapa nilipokwenda kucheza nikasahau kumwagilia, jua la kiangazi likaunguza miche? Ile iliyobaki uliifunika nyasi, ukawa unamwaga maji juu yake asubuhi na jioni hadi ikapona. Nilimweleza Ba Mulenga. Akachukua panga, akasema, "Basi tukate nyasi."

Ijumaa tukamwaga upya. Zege lilipoanza kukaza, akina mama wa kijiji wakaleta nyasi tukafunika chumba chote. Jumapili nikakataa kwenda ibadani, nikabaki na ndoo yangu. Kumbe mchungaji alikatisha mahubiri, akawaambia waumini sadaka ya leo ni maji. Niliwaona wanakuja na ndoo kichwani, wanaimba. Nikawapokea ndoo moja moja, nikimwambia kila mmoja asante kwa Kibemba, lugha yao.

Leo ni siku ya saba, tumefunua nyasi. Ba Mulenga alivua viatu, akatembea kona hadi kona, anainama, anapapasa. Hakuna ufa hata mmoja, Mama! Akaniuliza kama hiyo ya nyasi tumefundishwa chuoni. Nikamwambia chuoni walinifundisha na mtihani nikafaulu, ila aliyenichapa ni mama yangu.

Barua hii anakuletea shangazi yake Faraja, anavuka mpaka keshokutwa. Msalimie Baba, mwambie ajifunike asubuhi. Msalimie Bibi na kuku wake. Kaka Yohana, yule kifungua mimba wako, aache kunitangaza kwa majirani kwamba nimeshakuwa injinia. Wifi naye anibusie mtoto.

Jambo moja nilitaka kulisahau kwa aibu. Tulipomwaga ile sakafu ya pili, Ba Mulenga alinipa msumari niandike tena jina. La kwangu niliogopa. Nikaandika lako, kwenye kona chini ya ubao, mahali watoto wasipopakanyaga. Leo nyasi zilipoondoka nilikimbilia pale kabla ya kuangalia kwingine kokote.

Lipo zima.

Mwanao uliyemchapa,
Tusajigwe