Mbuzi Aliyeliwa na Chui

Mama, shikamoo.

Huku Kwale mvua inanyesha na mhogo wa nazi nimeula mpaka basi, lakini acha nikupe habari za wifi yako. Jana asubuhi tulimkuta mbuzi wake ameliwa na chui, nusu imebaki ukingoni mwa msitu. Majirani wakaja na sumu ya kupaka mzoga, ili chui akirudi afe. Shangazi akawazuia, jembe mkononi.

“Mbuzi alikuwa wangu,” alisema. “Mmekata miti mpaka kijitoni, mlitaka chui akaishi wapi? Na akifa, nguruwe mwitu anaowawinda wakimaliza mahindi yangu, mtanilisha nyinyi?”

“Atakurudia,” jirani aliyeshika sumu akasema.

“Na aje. Nitajenga zizi, lakini sumu haimwagwi hapa!”

Tukauzika mzoga mimi na yeye, huku wao wakitutazama, mpaka wakaondoka. Leo tunazungushia zizi miiba, mikono imechanika yote. Yule jirani mwenye sumu amepita kuchungulia. Shangazi amemwambia akachukue panga, aje asaidie kazi.

Nakaa naye kidogo, usinigombeze. Mungu akutunze, mama yangu.

Mwanao,
Mwanajuma